Tairi Linalotema Tope

Gari lilipanda nusu ya kilima, likasita, kisha likaanza kurudi nyuma huku magurudumu ya mbele yakizunguka kwenda mbele. Flavia alikuwa amekanyaga mafuta kwa mguu wote, lakini injini haikuwa na la kusema. Nyuma yake kulikuwa na keni tisa za maziwa, na nyuma ya gari akina mama sita walikuwa wakisukuma, miguu imezama kwenye tope jekundu hadi vifundoni. Kila walipolisogeza hatua mbili, lilirudi moja na nusu.

Kilima chenyewe si kirefu. Mtu wa huku Kibosho mlimani hukipanda akiwa anapiga soga na hata haoni kama amekipanda. Ila kiko mara tu baada ya mahali ambapo mfereji wa wazee unakatiza barabara, na masika yakianza maji hufurika pale na kutandaza udongo laini njia nzima. Gari lenye matairi vipara halina ujanja hapo. Corolla ya Flavia, ile ya mgongo mrefu iliyotengenezwa mwaka tisini na tisa, ilikuwa na vipara vinne, na kimoja kilikuwa kimeshaanza kuonyesha nyuzi.

Walipolifikisha juu, saa ilikuwa moja na dakika arobaini. Maziwa yalitakiwa kuwa mjini, Pasua, saa moja na nusu. Flavia aliwashukuru wenzake kupitia dirishani, akateremka mjini akiwa na tope hadi kwenye nyusi.

Nasrin alikuwa amesimama kwenye geti la kiwanda chake kidogo cha mtindi, kipimo cha maziwa mkononi. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumlaumu, kazi yangu ingekuwa nyepesi, lakini Nasrin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na masufuria yaliyowekwa motoni tangu saa kumi na mbili na shule nne zilizosubiri mtindi. Alipima maziwa, akaandika, kisha akasema alichokuwa amekiandaa.

"Mama Jovin, sipokei maziwa mazuri kama yako. Lakini yakichelewa, uzuri wake haunisaidii. Hii ni mara ya pili wiki hii. Kesho Ijumaa sipiki. Jumamosi ukizidi saa moja na nusu, nitaanza na yule mwenye pikapu."

Flavia alijibu asante, kama watu wanavyojibu wakipigwa mahali wasipotarajia. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiwahesabu wenzake kwa majina. Walikuwa kumi na tisa kwenye kikundi, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja au wawili nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Kabla ya Nasrin walikuwa wakiuziana maziwa kwa kikombe, majirani kwa majirani, na kila jirani ana ng'ombe. Yeye ndiye aliyewashawishi. Yeye ndiye aliyesema, gari lipo, tupeleke mjini. Mnunuzi akienda, wale kumi na nane wangerudi kwenye vikombe, na wangemtazama yeye.

*

Pesa ya matairi ilikuwepo, na hilo ndilo lililouma zaidi baadaye. Wiki mbili nyuma waliuza ndama dume kwa laki tano na tisini, wakaiweka kwenye bahasha kabatini wakisubiri mvua zipungue. Mvua hazikupungua. Flavia alipofika nyumbani na habari ya Nasrin, mume wake Thadeus alisimama palepale, akavaa kofia, akasema anakwenda mjini kununua matairi, na kwamba hiyo ni kazi ya mwanaume.

Thadeus alikuwa na miaka sitini na tatu. Alikuwa mzee wa mfereji, yaani ndiye aliyepanga zamu za maji, aliyeamua wapi pazibuliwe na wapi pazibwe, na kwa kazi hiyo aliheshimiwa kuanzia juu kanisani hadi chini barabarani. Gari lilikuwa lake. Alikuwa amekabidhi usukani kwa mkewe miaka miwili iliyopita, akidai kwamba goti linamsumbua kwenye klachi. Goti halikuwa na shida yoyote. Macho ndiyo yaliyokuwa yameingia ukungu, la kushoto likitangulia na la kulia likifuata, na hakuna aliyeambiwa, kwa sababu mzee wa mfereji asiyeona ataambiwa akae nyumbani amenye ndizi.

Basi akaenda peke yake. Kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji, alimkuta mtu amepanga matairi ya mtumba kwa mnara, yamepakwa dawa ya kung'arisha hadi yanameremeta. Thadeus hakuweza kusoma chochote kilichoandikwa ubavuni mwa matairi yale. Hivyo akafanya anachofanya kila mtu wa kwao sokoni akitaka parachichi. Alibonyeza kwa dole gumba.

Msimcheke haraka. Tairi lililokaa miaka mingi juani hukauka na kuwa gumu, hilo ni kweli, na mtu akishajua hivyo ni rahisi kuamini kwamba lililo laini ndilo bichi. Wapo wengi huku mlimani wanaobonyeza hivyo na hawana hata ukungu wa macho. Muuzaji aliona lile dole gumba, akajua mteja amefika.

"Bonyeza vizuri, mzee wangu," alisema. "Hiyo ya Japani, ya misimu yote. Jua, mvua, yenyewe inakwenda tu."

Lilikuwa laini kweli. Thadeus alichukua mawili kwa laki moja na arobaini, ya kufunga mbele kwa kuwa ndiko gari linakovutia, akajipongeza kwa pesa aliyookoa. Alipanda nayo kwa bodaboda, moja mbele ya dereva na jingine amelivaa begani, akawapungia watu wote njiani.

*

Flavia hakutaka kujaribu matairi siku ya Jumamosi yenyewe. Saa kumi jioni, fundi wa pancha alipomaliza kuyafunga, alijaza keni zote tisa maji ya mfereji, akazipakia, akamwita mumewe akae pembeni yake. Habari zilishaenea. Walipofika kwenye mfereji, nusu ya kikundi walikuwa wamesimama kwenye ukingo, na majembe yao, kwa mazoea.

Mita chache za kwanza gari lilipanda kwa heshima. Thadeus akatabasamu. Kisha magurudumu yakaanza kuimba, gari likapinda kiuno, likateleza kimshazari na kuegemeza ubavu wake kwenye ukingo wa mfereji. Keni mbili zilianguka na maji yakawamwagikia miguuni. Ilikuwa heri yalikuwa maji.

Ndelilio, mama mkubwa kuliko wote kwenye kikundi, alilizunguka gari polepole, akalitazama tairi jipya, kisha akamtazama Thadeus.

"Baba Jovin, haya ndiyo yaliyomla ndama?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma. Thadeus alifungua mlango, akashuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu bila kungoja gari litolewe. Watu walimpisha njia wakiangalia pembeni.

Walipokwisha kulinasua, Flavia alibaki. Alichuchumaa mbele ya tairi, akatoa pini kichwani na kuchokonoa. Tairi lilikuwa na mikato myembamba mingi, kama meno ya kitana, na kila mkato ulikuwa umejaa udongo hadi pomoni. Uso wote ulikuwa umesawazika kama ukuta uliopigwa lipu. Alichokonoa, udongo ukagoma kutoka. Akawaza kwamba aliyeunda tairi hili hajawahi kuliona tope hili. Na wale wauza matairi wa mjini, pamoja na maneno yao yote, hawajaliona pia.

Alikwenda nyumbani akachukua ndoo ya rangi ya lita ishirini, ile yenye kifuniko, akarudi na jembe. Aliijaza pale pale gari lilipolala.

*

Asubuhi ya Ijumaa Thadeus alimkuta akiipakia ndoo garini. Akauliza ni nini.

"Tope," Flavia alijibu. "Vaa kofia twende."

Hakutaka kwenda. Alisema wamejulikana vya kutosha. Flavia hakubishana, alikaa kwenye usukani na kuacha mlango wa pili wazi, injini ikiunguruma na petroli ikiisha, mpaka mume akaingia. Majirani waliwasukuma kuvuka kilima, wakaondoka.

Walipita kwanza pale kando ya barabara kuu. Mnara wa matairi haukuwepo wala mwenyewe hakuwepo. Palibaki miduara michache kwenye nyasi. Thadeus aliitazama miduara ile, au alipodhani ipo, wakaendelea hadi Kiboriloni.

Fikirini alikuwa na duka la matairi karibu na soko la Kiboriloni, na mbele ya duka benchi ambalo madereva wa teksi walikalia wakingoja abiria. Alimwamkia Thadeus shikamoo, akamsalimia Flavia, kisha akaiona ndoo ikishushwa. Flavia alifunua kifuniko na kueleza shida yake kwa kifupi: anahitaji matairi manne ya gari hili, yapande kilima chenye tope hili akiwa na mzigo, na yasiishe kwenye lami ya mjini maana robo tatu ya njia yake ni lami.

Benchi lilifurahi. Mmoja alisema mangi, mfalme wa mlimani, amekuja mjini na shamba lake kabisa, mwingine akauliza kama watapanda na migomba. Thadeus aliishusha kofia. Flavia aliwaacha wacheke, kwa kuwa alikuwa na hadi saa moja na nusu ya kesho na hakuwa na muda wa kuwakasirikia.

Fikirini hakucheka. Alikwenda kwenye matairi ya mbele, akapitisha ukucha kwenye ile mikato myembamba, akatikisa kichwa.

"Mama, haya ni ya theluji. Wenzetu huko kwao huyafunga miezi ya baridi tu. Mpira wake ni laini makusudi, ili ushike barafu. Ukiyapeleka kwenye lami yetu ya moto yanakwisha kama sabuni, na kwenye tope yanajaa. Theluji yetu sisi iko kule juu, na gari halifiki."

Benchi likacheka tena. Fikirini akaendelea, kwa nia njema tu, kwamba kuna tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Akamwonyesha Thadeus mahali. "Hebu soma hapa, mzee wangu, uone mwenyewe."

Thadeus aliinama, akajishika goti. Aliinama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu nne. Kelele za benchi zilipungua.

"Ishirini na mbili," alisema. "Mwaka wa ishirini na mbili."

Zilikuwa zimeandikwa 3213, na zilionekana kutoka alipokuwa amesimama Flavia. Aliona aibu ambayo haikuwa yake. Akasogea akasimama kati ya mumewe na lile benchi.

"Tope limeziba hapo," alisema. "Hata mimi sioni."

Hapakuwa na tope. Fikirini alimtazama mama, akamtazama mzee, akachukua kitambaa na kulifuta tairi safi lile kwa makini, kama kwamba kweli lilikuwa chafu. Ndipo akasoma yeye mwenyewe, taratibu: wiki ya thelathini na mbili, mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Mimi huwa nawasema sana wafanyabiashara wa mji huu, lakini kwa kitambaa kile namwondolea Fikirini mengi.

*

Thadeus alikwenda kukaa peke yake kwenye kreti la soda, mbali na benchi. Fikirini akatoa tairi la kwanza, jipya kutoka kwenye karatasi, lenye mistari mirefu ya kuzunguka. Alisema ndilo linalotoka sana kwa magari madogo. Flavia aliuliza kama anaweza kulijaribu. Fikirini akauliza kulijaribuje, na Flavia akaielekeza ndoo.

Hilo halikukubalika. Tairi likishaingia kwenye tope, Fikirini alisema, nani atalinunua kwa bei ya jipya? Flavia alisema atalisafisha mwenyewe mpaka linuke duka. Tangu nifungue hapa, Fikirini alisema, sijaona mtu akiomba kitu kama hicho. Flavia alisema na yeye tangu azaliwe hajaona mtu akinunua gunia la maharage bila kutafuna moja. Sasa benchi lilikuwa upande wake, si kwa upendo bali kwa kutaka kuona. Fikirini akakubali, maana ilikuwa asubuhi na hapakuwa na mteja mwingine.

Flavia alikunja kitenge chake kiunoni, akamwaga tope juu ya bati kuukuu, akaongeza maji hadi likawa vilevile linavyokuwa pale kilimani. Akalisimamisha tairi wima, akaliegemea kwa uzito wake wote, na uzito wake si haba, akalibiringisha kwenda na kurudi. Kisha akalinyanyua na kulidundisha chini mara mbili. Udongo ulibaki kwenye ile mistari, umetulia.

La pili lilikuwa na meno makubwa kama ya trekta. Hilo lilitema tope lote, lakini Fikirini mwenyewe alisema ni la pikapu, haliingii kwenye ringi zake, na hata lingeingia, lingepiga kelele kwenye lami na kuisha ndani ya mwaka. Flavia aliliosha akalirudisha.

Yakabaki mawili ya aina mbili tofauti, yote ya misimu yote, yote mapya, yote kwa laki moja na thelathini kila moja. Kwa macho yalifanana. Katikati yalikuwa na mkanda mgumu wa kuhimili lami, na pembeni mikato mipana. Flavia alilijaribu la kwanza, likatema kidogo na kubakiza kidogo. Akaogopa. Pesa ilikuwa ya kuchagua mara moja tu. Aligeuka akaita.

"Baba Jovin, njoo uniangalizie hapa."

Thadeus alisema kutoka kwenye kreti kwamba yeye alishachagua jana, na wote wameona.

"Jana ulikwenda kama mnunuzi wa parachichi," Flavia alisema. "Mimi namwita mzee wa mfereji."

Thadeus aliipandisha kofia. Kisha akanyanyuka, akaja, na safari hii hakuinama kutazama. Aliweka vidole vitatu kwenye mkato wa tairi la kwanza, katikati, akavivuta taratibu kuelekea ubavuni, kama anavyofanya akipima kina cha mfereji uliojaa maji machafu ambayo hata mwenye macho mazima haoni chini yake. Akarudia. Akahamia la pili, akafanya vilevile, midomo ikitembea.

"Hili la kwanza halina mdomo," alisema. "Mkato unaanza mpana huku katikati, unakuja unasinyaa, unafia kabla ya kufika ukingoni. Mfereji wa namna hii tulikuwa nao kwa kina Ebenezeri. Kila masika tunautoa tope, kila masika unajaa, mpaka tulipoupanua mwisho wake. Maji yakibanwa, yanaacha udongo. Sasa leta mkono, Mama Jovin. Sikia hili. Linaanza jembamba, linapanuka, linatokea nje kabisa. Tope likiingia humu lina pa kwenda."

Flavia alipitisha vidole vyake pale vilipopita vya mumewe, na Fikirini, aliyeuza matairi miaka kumi na nne, naye akapitisha vyake. Kisha mama akalibiringisha lile la pili kwenye bati. Alipolidundisha mara ya kwanza, udongo ulianguka kwa mabonge. Mara ya pili tairi likawa jeusi.

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja wa teksi alinyanyuka kutoka kwenye benchi, akaja kuweka vidole, akauliza mzee, hata kwenye maji ya barabarani? Thadeus akamjibu kwamba maji ni maji, yanataka mlango. Dereva akasema anachukua mawili.

Baada ya hapo kupatana bei hakukuwa vita. Sylvanus, fundi mikokoteni wa pale sokoni, aliyachukua yale mawili ya theluji kwa elfu arobaini. Kwa mkokoteni mpira laini ni neema, nyanya hazipondeki. Fikirini naye alishusha hadi laki na ishirini kila moja na kufunga bure, kwa kuwa alikuwa ameshauza mawili kwa mdomo wa mzee. Wakabakiwa na elfu kumi ya petroli, bila chakula cha mchana. Flavia aliliosha tairi la majaribio kwa brashi kama alivyoahidi, akaanza kufunika ndoo yake. Fikirini akamwomba aiache, awajaribie wateja wengine.

"Ndoo ni yangu," Flavia alisema. "Tope nakuachia."

*

Mvua ilinyesha hadi alfajiri ya Jumamosi. Akina mama walifika kwenye mfereji na majembe na magunia, wengine wamefunga plastiki vichwani. Hakuna aliyeulizwa, walikuja tu. Maji yalikuwa yamefurika kuliko siku zote za wiki ile.

Gari liliteremka kutoka juu na keni tisa zilizojaa. Likavuka maji. Thadeus alikuwa amefungua dirisha na kutoa kichwa nje, hatazami, anasikiliza.

"Usiongeze moto," alimwambia mkewe. "Liache litafune."

Magurudumu yalishika, yakateleza mara moja, na moyo wa kila mtu pale ukateleza nayo. Ndelilio alishaanza kwenda nyuma ya gari kusukuma. Kisha bonge la kwanza la tope likaruka kutoka kwenye gurudumu, likafuatiwa na jingine, na mengine mengi, yakawapiga akina mama kwenye vitenge, kwenye plastiki, kwenye mashavu. Gari lilipanda. Halikukimbia, lilipanda kama mama mja mzito anavyopanda, bila haraka na bila kurudi nyuma. Lilipofika juu Flavia hakusimama kusalimia, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu. Alipiga honi hadi kona ya kanisa.

Ndelilio alibaki katikati ya barabara, tope usoni, jembe mkononi, hana cha kusukuma. Alijifuta jicho moja, akacheka hadi akakaa chini. Wenzake wakapiga vigelegele, na ng'ombe kwenye migomba wakaitikia.

Pasua walifika saa moja na dakika nane. Mwenye pikapu alikuwa ameshaegesha nje ya geti, anasubiri kuitwa. Nasrin alitoka na kipimo chake, akatazama saa ya ukutani, akatazama keni, kisha akamwendea yule bwana na kumwambia aende zake kwa amani, maziwa yamefika. Alipima, akalipa ya wiki, na alipokuwa akimpa Flavia pesa mkononi alisema, bila kupamba, kwamba Jumatatu kama kuna keni mbili zaidi, azilete. Flavia alisema zipo. Alitaka kulia na akaona hakuna sababu ya kujizuia, akalia kidogo pale getini, mbele ya watu, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Nje, Thadeus alikuwa akilizunguka gari, anayapapasa matairi moja moja. Flavia alimkuta kwenye la mbele.

"Baba Jovin, nisomee hapo mwaka."

Thadeus aliganda. Kisha akapiga magoti kwenye changarawe, yote mawili kwa mpigo, bila kujishika popote. Aliweka ncha ya kidole ubavuni mwa tairi, akaitafuta ile alama, akaanza kusoma tarakimu zilizovimba, moja baada ya nyingine.

"Sifuri. Nane. Mbili. Tano." Akainua uso. "Wiki ya nane, ishirini na tano."

"Umesoma vizuri. Na goti naona limepona."

Alibaki amepiga magoti, kidole bado kwenye tairi. Akauliza kwa sauti ndogo, Flavia amejua lini.

"Siku uliponipa funguo ukasingizia klachi," Flavia alisema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nikangoja hadi nikakuacha uende peke yako kwa mtu wa barabarani, na hilo ni kosa langu, si lako. Sasa sikiliza. Kliniki ya macho Jumamosi wanapokea hadi saa sita. Pesa ninayo hapa na matairi ninayo. Ingia."

"Na mfereji? Wakisikia?"

"Wakisikia nini? Jana umesoma tairi ambalo mji mzima ulikuwa haujalisoma. Nenda kaongeze macho, uwatawale vizuri."

Thadeus alisimama, akapangusa changarawe kwenye suruali. Alifungua mlango wa pembeni, akaingia, akautafuta mkanda kwa mkono, akaufunga. Flavia alipowasha gari, alimsikia akisema kwamba barabara ya kwenda huko, kusema kweli, haioni.

"Mimi naiona," alisema Flavia, akaingia lami.